Kasi ya Uamuzi na Ukingo wa Bawa: Ajali ya Embakasi ya 1974 katika Historia ya Maamuzi ya Marubani Wakati wa Kuruka

Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974 ndege ya shirika la Lufthansa aina ya Boeing 747, iliyokuwa safarini kutoka Frankfurt kwenda Johannesburg, iliruka kutoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, ikiwa na watu 157. Magurudumu yaliacha ardhi, ndege ikatetemeka, lakini haikupanda. Ilirudi chini takriban mita 1,120 baada ya mwisho wa njia ya kurukia, ikagonga barabara iliyoinuliwa juu ya uwanda, ikavunjika na kushika moto. Watu 59 walifariki na 98 walinusurika. Miongoni mwa walionusurika walikuwamo marubani wawili na mhandisi wa ndege. Aina hiyo ya ndege ilikuwa imeanza kubeba abiria Januari 1970, na hii ndiyo ilikuwa ajali yake ya kwanza kusababisha vifo.

Makala hii inaitumia ajali ya Embakasi kulitazama upya suala ambalo maandishi mengi ya historia ya usafiri wa anga hulieleza kwa namna moja. Kwa mujibu wa maelezo hayo yaliyozoeleka, tatizo la rubani pale hitilafu inapotokea wakati wa kuruka ni la muda: aamue kusimama au kuendelea, na aamue haraka. Historia ya usalama, kwa mtazamo huo, inakuwa historia ya jinsi wahandisi na wasimamizi wa anga walivyomrahisishia rubani kazi hiyo kwa kumpa kasi moja iliyokokotolewa mapema, ambayo kabla yake anaweza kusimama na baada yake anapaswa kuendelea. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaacha jambo kubwa nje. Kanuni ya kasi ya uamuzi iliundwa kwa ajili ya injini inayokufa. Inachukulia kuwa kila kitu kingine katika ndege kiko jinsi rubani anavyoamini kilivyo. Pale ambapo kasoro imo katika bawa lenyewe, kanuni hiyo haina la kumwambia, na wakati mwingine utiifu kwake ndio unaomfikisha kwenye maangamizi.

Kanuni na misingi yake

Kasi ya uamuzi, ambayo marubani huiita V1, hukokotolewa kabla ya kila safari. Hutegemea uzito wa ndege, urefu na hali ya njia ya kurukia, joto, upepo na kimo cha uwanja kutoka usawa wa bahari. Injini ikifa kabla ya kasi hiyo, njia iliyobaki inatosha kusimamia. Ikifa baada yake, injini zilizosalia zinatosha kuiinua ndege na kuivusha juu ya vizuizi. Desturi ya kazi imeifanya kanuni hii kuwa tendo la mwili: katika mashirika mengi kapteni huweka mkono juu ya vishikizi vya nguvu za injini wakati ndege inapokimbia, na mara kasi ya uamuzi inapotamkwa huuondoa, ili mkono wenyewe usije ukashawishika kuzipunguza nguvu hizo.

Tendo hilo dogo linaeleza mengi. Linamtazama rubani kama mtu anayeweza kuingiwa na hofu, hivyo linamnyang'anya nafasi ya kuamua pale hofu inapokuwa kali. Kwa maneno mengine, uamuzi huwa umekwisha kufanywa chumbani, juu ya karatasi, na watu wasiokabiliwa na hatari yoyote kwa wakati huo. Hiyo ndiyo nguvu ya kanuni, na udhaifu wake umo humohumo, kwa kuwa wanaokokotoa hujua tu yale waliyoambiwa kuhusu ndege.

Kimo cha Nairobi kinastahili kutajwa hapa, kwa kuwa husahaulika. Uwanja wa Embakasi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi. Ndege inayosoma kasi fulani kwenye kipimo chake huko Nairobi huwa inakimbia juu ya ardhi kwa kasi inayozidi ile ya Mombasa kwa takriban asilimia nane au zaidi, huku injini zikitoa nguvu pungufu. Hakuna cha ajabu katika hilo, na makokotoo hulizingatia. Ila maana yake ni kwamba akiba ya kosa hupungua. Kasoro ambayo ndege ingeweza kuivumilia pwani huenda isivumilike nyanda za juu.

Roma na Karachi, 1952 hadi 1953

Historia ya bawa na uamuzi haianzii Nairobi. Huduma ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, ile ya Comet, ilianza tarehe 2 Mei 1952 kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe miongoni mwa vituo vingine. Miezi michache baadaye, tarehe 26 Oktoba 1952, ndege moja ya Comet ilishindwa kuruka mjini Roma. Kapteni Harry Foote aliinua pua ya ndege, akahisi mtetemo, akaona kasi haiongezeki, akazikata injini. Ndege iliharibika vibaya karibu na mpaka wa uwanja, lakini hakuna aliyefariki.

Foote alilaumiwa. Ilielezwa kwamba aliinua pua kupita kiasi, na akaondolewa katika ndege za jeti. Tarehe 3 Machi 1953 Comet nyingine, ya shirika la Canadian Pacific, ilishindwa kuruka huko Karachi kwa namna iliyofanana sana, na watu 11 waliokuwamo wote wakafa. Baada ya hapo umbo la ukingo wa mbele wa bawa lilirekebishwa. Marekebisho hayo yalikuwa kukiri, bila kutamka, kwamba bawa lilikuwa likipoteza nguvu yake ya kuinua kwa urahisi usiokubalika pale pua ilipoinuliwa mapema mno. Lawama juu ya Foote haikuondolewa kwa haraka iliyotumika kulirekebisha bawa.

Kwa hoja ya makala hii, jambo la msingi ni lile alilolifanya Foote. Alihisi mtetemo asioujua, hakusubiri kujua chanzo chake, akakatisha. Miaka 22 baadaye wafanyakazi wa ndege ya Nairobi walihisi mtetemo pia, wakaendelea. Haitoshi kusema kwamba mmoja alikuwa hodari na wengine wazembe. Kati ya 1952 na 1974 utamaduni mzima wa kazi ulikuwa umejengwa kuwafundisha marubani kwamba baada ya kasi ya uamuzi, na hasa baada ya pua kuinuliwa, hakuna kurudi.

Munich, 1958

Ajali ya Munich ya tarehe 6 Februari 1958 hukumbukwa zaidi kwa sababu ya wachezaji wa Manchester United waliokuwa abiria. Kwa mtafiti wa maamuzi ya marubani, umuhimu wake uko kwingine. Marubani waliruka mara tatu siku hiyo. Mara mbili za kwanza walikatisha kwa sababu ya msukosuko wa nguvu za injini, na ndege ikasimama salama. Mara ya tatu kasi ilifika noti 117, yaani maili 117 za baharini kwa saa, ambayo ndiyo iliyokuwa kasi ya uamuzi. Kisha, badala ya kupanda, kasi ilishuka hadi noti 112, halafu 105. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikavunja uzio na kugonga nyumba. Watu 23 kati ya 44 walipoteza maisha.

Kanuni haina kifungu kinachohusu kasi inayoshuka baada ya kutamkwa. Imejengwa juu ya dhana kwamba ndege iliyokwisha kuifikia kasi ya uamuzi itaendelea kuongeza mwendo. Tope la theluji juu ya njia liliivunja dhana hiyo, na wakati huo athari yake kwa ndege za namna hiyo haikuwa imeeleweka vizuri. Uchunguzi wa Wajerumani uliegemea barafu juu ya mabawa, jambo lililomweka Kapteni James Thain lawamani. Ilichukua hadi mwaka 1969 kwa serikali ya Uingereza kutamka kwamba hakuwa na kosa. Kufikia hapo alikwisha kupoteza kazi yake, na hakurudi tena kwenye urubani wa abiria.

Embakasi, 1974

Mabawa ya Boeing 747 yana vibamba vinavyokunjuliwa kwenye ukingo wa nyuma na wa mbele wakati wa kuruka na kutua. Vibamba hivyo huliongezea bawa uwezo wa kuinua kwa mwendo mdogo. Vile vya ukingo wa mbele huendeshwa kwa hewa yenye shinikizo inayotolewa kwenye injini. Hewa hiyo hupitia vali ambazo mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma ya marubani na kutazama ubao wake wa vipimo, ndiye aliyezifungua na kuzifunga. Vali zikiwa zimefungwa, rubani anaweza kuweka kishikizo cha vibamba mahali panapotakiwa, vya nyuma vikakunjuka kama kawaida, vya mbele vikabaki vimekunjwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Embakasi. Ndege iliondoka na vibamba vya mbele vikiwa ndani, kwa kuwa mfumo wa hewa wa kuviendesha haukuwa umewashwa. Tangu ilipoanza kukimbia hadi pua ilipoinuliwa hakukuwa na jambo lolote lisilo la kawaida la kuamulia. Injini zote nne zilifanya kazi, mwendo uliongezeka jinsi ilivyotarajiwa, na kasi ya uamuzi ilipita. Kanuni ilitimizwa kikamilifu, nayo haikugundua kitu, kwa sababu kasoro ya bawa haionekani ndege ingali juu ya magurudumu. Hujitokeza pale tu bawa linapotakiwa kubeba uzito.

Mtetemo ulianza ndege ilipoacha ardhi. Kapteni alidhani kwamba chanzo ni magurudumu yasiyo na mizania, na magurudumu yakakunjwa. Dhana hiyo imewahi kuchukuliwa kama kosa la pili juu ya la kwanza. Usomaji wa makini unaonyesha kitu tofauti. Rubani anayehisi mtetemo dakika ileile ndege inapoinuka hutafuta sababu miongoni mwa zile anazozijua, na mtikisiko wa magurudumu ni mojawapo ya zinazojulikana zaidi. Bawa kukosa vibamba vya mbele halikuwa wazo lililokuwa karibu na akili yake, kwa kuwa kwa ufahamu wake kazi hiyo ilikwisha kufanywa na kuhakikishwa kwa orodha ya ukaguzi. Aliamua kwa busara juu ya ndege ambayo haikuwapo.

Uchunguzi ulifanywa na kitengo cha uchunguzi wa ajali cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilisimamia usafiri wa anga kwa niaba ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya yenyewe ilivunjika mwaka 1977, na huenda ndiyo sababu kazi ya kitengo hicho haitajwi sana katika historia ya taasisi zake, ikilinganishwa na reli, bandari na posta. Ni hasara. Ripoti yake ina uzani wa lawama ambao tume za Ulaya za muongo uliotangulia hazikuufikia. Ilisema kwamba wafanyakazi walianza kuruka vibamba vya mbele vikiwa vimekunjwa, na kwamba ndege iliingia hewani ikiwa imepoteza sehemu ya nguvu ya kuinua, hali ambayo marubani hawakuweza kuitambua katika muda mfupi waliokuwa nao. Kisha ikataja kwa pamoja sababu mbili zilizochangia kwa kiasi kikubwa: kukosekana kwa onyo kuhusu hali hiyo ya hatari, na wafanyakazi kutokamilisha ipasavyo orodha ya ukaguzi.

Mpangilio huo wa sababu una uzito wa kihistoria. Ripoti haikumwondolea mhandisi wa ndege jukumu lake. Lakini ilikataa kumfanya kuwa maelezo yote. Hali ya vibamba vya mbele kubaki ndani ilikuwa imewahi kuzipata ndege nyingine za aina hiyo zikaokoka, na elimu iliyotokana na matukio hayo haikuwa imegeuzwa kuwa kengele ndani ya chumba cha marubani. Baada ya Embakasi iligeuzwa: mtengenezaji aliongeza mifumo ya kuwaonya marubani iwapo vali hizo hazikufunguliwa kabla ya kuruka. Mhandisi alishtakiwa kwa uzembe huko Ujerumani ya Magharibi, akaachiwa huru mwaka 1981.

Tofauti na kesi ya Thain inaonekana wazi. Mjini Munich ujuzi wa kumtetea rubani ulikuwa haujapatikana, ukapatikana baada ya miaka kadhaa ya mabishano. Nairobi ujuzi ulikuwapo, ila ulikaa mahali ambapo mtu aliyeuhitaji asingeweza kuufikia katika sekunde alizokuwa nazo.

Chicago, 1979

Iwapo Embakasi ilionyesha kanuni ikinyamaza, Chicago iliionyesha ikipotosha. Tarehe 25 Mei 1979 injini ya kushoto ya ndege ya American Airlines aina ya DC-10 ilichomoka na kuanguka wakati pua ikiinuliwa, baada ya kasi ya uamuzi kupita. Marubani walifanya walichofunzwa. Waliendelea kuruka, na wakaiacha ndege ipunguze mwendo hadi ile kasi iliyowekwa kwa ajili ya kupanda injini moja ikiwa imekufa. Wasichokijua ni kwamba injini ilipochomoka ilikata mabomba ya mafuta ya shinikizo, na vibamba vya ukingo wa mbele wa bawa la kushoto vikarudi ndani. Kwa mwendo wa awali bawa hilo lingeendelea kubeba. Kwa mwendo waliopunguza kwa mujibu wa utaratibu, halikuweza. Vifaa vya kuonya kuhusu hali hiyo vilikuwa vimekosa umeme kutokana na kuchomoka huko. Watu 271 waliokuwamo ndani walikufa, pamoja na wawili chini.

Ni vigumu kupata katika historia ya usafiri wa anga mfano ulio wazi zaidi wa watu waliotii na kufa kwa kutii. Baada ya hapo mashirika yalibadili mafunzo, na rubani aliyekwisha kuwa na mwendo wa ziada akaruhusiwa kubaki nao. Mabadiliko hayo yaliingia kama marekebisho ya kiufundi. Kwa hakika yalikuwa marekebisho ya falsafa, kwani kwa mara ya kwanza utaratibu ulimpa rubani akiba dhidi ya jambo lisilojulikana ambalo halimo kwenye makokotoo.

Mafunzo ya miaka ya 1990

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasimamizi wa Marekani, watengenezaji na mashirika ya ndege walitayarisha kwa pamoja mwongozo wa mafunzo ya usalama wa kuruka. Walichambua matukio 74 ya kati ya 1959 na 1990 ambamo ndege za jeti zilikatisha kuruka zikapita mwisho wa njia. Zaidi ya nusu ya marubani hao walikuwa wameanza kusimama baada ya kasi ya uamuzi kupita. Takriban robo tu ya matukio ilihusu kupungua kwa nguvu za injini. Mengine yalitokana na matairi, taa za onyo, ndege wa porini, na hisia tu kwamba jambo fulani haliko sawa.

Takwimu hizo zilifasiriwa, kwa haki, kuwa hoja ya kuendelea. Marubani wengi waliokatisha wangeweza kuruka bila tatizo, na kusimama kwa kuchelewa ndiko kulikowaumiza. Mwaka 1998 wasimamizi wa Marekani waliirekebisha tafsiri ya kasi ya uamuzi ili ieleweke kuwa ni kasi ya juu kabisa ambayo rubani lazima awe amekwisha kuanza tendo la kwanza la kusimama, wala si kasi ya kuanzia kufikiri. Hata hivyo takwimu zilezile zinaweza kusomwa kwa namna nyingine. Kama robo tatu ya waliokatisha walikuwa wakikabili jambo lisilo la injini, basi kanuni ilikuwa ikitumiwa zaidi katika mazingira ambayo haikuundiwa. Rubani aliyehisi mtikisiko hakuwa na njia ya kujua iwapo ni tairi lililopasuka au bawa lisilobeba.

Ajali ya Manchester ya tarehe 22 Agosti 1985 inaongeza utata huo kwa upande wa pili. Marubani walisikia kishindo, wakadhani ni tairi, wakakatisha wakiwa bado chini ya kasi ya uamuzi, na kusimama kama walivyofunzwa. Kapteni alishauri breki zisitumiwe kwa nguvu, ili kuyaepusha matairi. Kumbe kipande cha injini kilikuwa kimetoboa tangi la mafuta, na moto ulikuwa ukiwafuata. Watu 55 kati ya 137 walikufa, ingawa ndege haikutoka hata hatua moja nje ya lami. Uamuzi wa kusimama ulikuwa sahihi, na utambuzi wa kilichotokea ulikuwa wa makosa, kama ulivyokuwa Embakasi.

Detroit na Madrid

Tarehe 16 Agosti 1987 ndege ya Northwest Airlines iliruka Detroit ikiwa na vibamba vyake vimekunjwa. Kengele ya onyo ilikuwapo safari hii, kwa kuwa funzo la miaka iliyotangulia lilikwisha kuwekwa ndani ya vyombo, lakini haikuwa na umeme. Watu 156 walifariki. Tarehe 20 Agosti 2008 ndege ya Spanair ilifanya vivyo hivyo mjini Madrid, na watu 154 wakafa. Kengele yake nayo haikulia.

Ndege ya Madrid ilikuwa imekwisha kuelekea kwenye njia ya kurukia mara moja siku hiyo, ikarudi kwa sababu ya hitilafu ya kifaa cha kupima joto la hewa. Mafundi walikizima kipasha joto chake, abiria wakasubiri, safari ikachelewa. Marubani waliporudi kuianza upya orodha ya ukaguzi, kifungu cha vibamba kilipitwa. Walipoanza kukimbia, injini zote mbili zilikuwa nzima, na kasi ya uamuzi ilitamkwa kwa wakati wake.